Matundu Kumi Kabla ya Mkasi

Juma lililopita nilipita hapo kwenu Kilibula, kwenye darasa la ushonaji, na mmoja wenu akanifuata mpaka barabarani. Jina lake sitalitaja, maana hakunipa ruhusa. Aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi nyumbani kwa wakwe:

"Mama Sifa, muntu mwenye iko na ugonjwa kama hii yetu, anaweza kujiwekea lengo akaifikia? Ao anaishi tu vile?"

Nilikasirika. Sikumkasirikia yeye, nilimkasirikia yeyote yule aliyemfundisha kuuliza jambo hilo kwa kunong'ona. Nilimjibu kwa neno moja, ndiyo, kisha nilipofika nyumbani nikaona neno moja halitoshi. Kwa hiyo najibu hapa, kwa sauti, msikie wote, pamoja na ninyi wenye vichwa vizima ambao mpaka leo hamjamaliza sketi mliyoianza mwezi jana.

Mimi nimeshona nguo Uvira zaidi ya miaka thelathini, na vita vilipotufukuza nilishona hata tulikokimbilia. Muda wote huo nilikuwa na ugonjwa ambao wenye shule huuita bipolaire, yaani wenye ncha mbili. Mimi nauita maji. Anayeishi kando ya ziwa hili hahitaji kuelezwa. Maji hupanda mpaka mlangoni, na hushuka mpaka mitumbwi ikabaki kwenye mchanga, wala hayamwombi mtu ruhusa. Maji yangu yakipanda, naongea mpaka mate yanakauka, usingizi nauona ni kazi ya wavivu, na naona naweza kuvisha mji mzima kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu kabla ya Jumapili. Yakishuka, kutia uzi kwenye sindano ni adhabu. Katikati kuna siku za maji sawa, na siku hizo mimi ni fundi kama fundi mwingine yeyote, tena bora kuliko wengi. Sioni sababu ya kuwa mnyenyekevu hapo.

Aliyenifundisha kazi ni Baba Kashindi wa Nyamianda, Mfuliiru mfupi mwenye masikio makubwa, aliyeshonea barazani kwake. Alikuwa na cherehani mbili: moja nzima, na nyingine ya kuitolea hiyo nzima vipuri. Mwaka wa kwanza hakuniruhusu kukanyaga hata pedeli. Nilishona matundu ya vifungo tu, kwa mkono, asubuhi hadi jioni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliamini kwamba ananionea.

Sasa sikilizeni, maana hili hamfundishwi siku hizi, mashine inawafanyia. Tundu huanza na kifungo, halianzi na kitambaa. Weka kifungo juu ya nguo, tia alama mwanzo na mwisho, ongeza unene wa punje ya mchele, ndipo upasue kwa ncha ya wembe. Kisha sindano inatokea chini, uzi unazungushwa nyuma yake, unavuta mpaka fundo linakaa kwenye mdomo wa tundu. Fundo kando ya fundo, bila pengo, bila kupandana. Kwenye kifua cha shati tundu linasimama. Kwenye kola linalala. Ukilisimamisha la kola, mwenye shati atatembea mji mzima shingo imeachia.

Baba Kashindi hakukagua kwa macho. Alifumba macho, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mafundo, polepole, kisha akasema:

"Hapa ulikuwa na njaa. Hapa uliangalia muntu barabarani. Na hapa, Sifa, umekasirika na mama yako."

Mara ya kwanza nilidhani ni uchawi. Baadaye nilielewa kuwa mkono hauna siri. Mwenzangu katika mafunzo, Mwamini, binti wa bonde la Ruzizi, ndiye aliyejifunza kusoma kwa ukucha vilevile. Yeye hakuwa mwongeaji. Akihesabu, alihesabu kwa Kirundi cha kwao, na akishasema hapana, hata ng'ombe watatu wasingemvuta kutoka kwenye hiyo hapana. Mkataji hakuwa, alishona tu, lakini mshono wake ulinyooka kama uzi wa mwashi.

Mwaka uliotangulia vita, Baba Kashindi alinikabidhi mkasi mkubwa. Katika kazi yetu huo ndio ufundi. Anayeshona akikosea, anafumua. Anayekata akikosea, kitambaa kimekwenda. Nilikuwa mkataji kwa miezi minane, kisha ikaja Kwaresima, Baba Kashindi akapanda Lemera kwenye msiba wa ndugu yake, na huku nyuma kwaya ya akina mama wa parokia wakaleta kitenge cha Pasaka.

Kitenge kilikuwa cha bluu, chenye samaki wakubwa wa manjano, wote wakitazama upande mmoja. Hicho tunakiita kitambaa chenye kichwa. Kabla hujagusa mkasi, unakitandaza, unatafuta kichwa kiko wapi, unakitia chaki. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza analijua hilo. Lakini mimi nilikuwa sijalala siku ya nne, na nilidhani ni baraka. Nilitandaza kitambaa uani, nikakikunja ninavyojua, nikakata magauni kumi na mawili bila kumpima mama hata mmoja, huku nikiimba. Mwamini alisimama mlangoni.

"Sifa, samaki wanaangalia chini."

"Samaki wanajua njia yao," nilimwambia. "Weye unajua nini ya samaki?"

Siku hiyohiyo nilichukua chaki nikaandika malengo yangu ukutani. Cherehani saba. Wafanyakazi kumi. Duka Bujumbura, duka jingine Kigoma. Nguo za arusi tatu zimalizike kesho. Niliandika mpaka nikapanda kigoda, na ukuta ukaisha kabla yangu.

Pasaka ilifika na kitambaa kingine hakikuwepo, basi wakavaa hivyohivyo. Wanawake kumi na wawili waliingia kanisani, samaki wote wakipiga mbizi kuelekea vidole vya miguu. Watoto walicheka misa nzima. Padri aliinamia kitabu chake kwa muda mrefu kuliko sala ilivyohitaji. Mama Tereza, kiongozi wa kwaya, aliniambia miaka mingi baadaye kwamba hawajawahi kuimba vizuri kama siku ile, kwa sababu ya hasira. Lakini siku ile hakusema hivyo. Siku ile nilipata jina jipya mtaani: Fundi Samaki.

Kisha maji yakashuka. Nililala nimeutazama ukuta wa nyumba ya mama yangu kwa wiki nyingi. Wakanipeleka kwenye chumba cha maombi, wakanifungisha saumu siku baada ya siku, wakasema ni Mamba Muntu, yule jini wa ziwani nusu mtu nusu samaki, aliyenishika, na ushahidi ni wale samaki. Hata katika hali ile, nilijiuliza Mamba Muntu angetaka nini na magauni ya kwaya. Sikucheka, sikuwa na nguvu ya kucheka, lakini kicheko nilikiweka akiba.

Aliyekuja kunitoa ni Baba Kashindi. Alinipandisha mpaka hospitali ya Lemera kwa mguu, siku mbili, tukipumzika kwenye mashamba ya mihogo ya watu aliowajua. Huko alikuwepo muuguzi mmoja, mama mtu mzima, ndiye aliyelitaja lile jina la Kifaransa. Alisema huu si kama malaria, hautibiwi ukaisha. Unaishi nao, una vidonge vyake, na usiviache kwa kuwa umejisikia vizuri. Baba Kashindi alisikiliza yote akiwa amevua kofia, halafu akauliza swali moja.

"Ataweza kushika makasi?"

Muuguzi akanionyesha kwa kidevu. "Muulize mwenyewe. Iko hapa."

Tangu niugue, hakuna aliyekuwa ameniuliza mimi kitu. Walimuuliza mama, walimuuliza pasta. Nikasema nitaweza. Nililia nikisema hivyo, na sioni haya kuwaambia.

Tuliporudi, Baba Kashindi alituketisha mimi na Mwamini barazani, akaweka mkasi katikati ya mkeka. Sheria yake ilikuwa fupi. Kila asubuhi, kabla ya kazi, nishone matundu kumi kwenye kipande cha kitambaa. Mwamini apitishe ukucha. Yakilingana, nachukua mkasi. Yasipolingana, mkasi unabaki kwa Mwamini, na mimi siku hiyo ni wa vifungo, pasi na ufagio.

"Na nikikataa?" nilimuuliza.

"Basi hauko fundi. Weye iko muntu mwenye makasi, basi."

Niliona ni fedheha. Mkataji mzima napimwa kila asubuhi kama mwanafunzi! Lakini matundu yalisema kweli kabla mimi sijaijua. Maji yanapoanza kupanda, mafundo yanakimbia, yanaachana, matundu kumi yanaisha kabla uji haujapoa. Yanaposhuka, mafundo yanabanana, na tundu la tatu silimalizi. Mimi mwenyewe siku hizo ningekuapia kwamba niko sawa. Kichwa kinasema uongo mzuri sana. Ukucha wa Mwamini hausemi uongo.

Halafu tukaja kwenye ule ukuta wa malengo. Baba Kashindi alikuwa hajaufuta. Alinipa kitambaa chenye maji akasema nifute yote nibakize moja, lile dogo kuliko yote. Nilitafuta asubuhi nzima. Pembeni, chini kabisa, nilikuwa nimeandika: kukata sare za shule bila mtu kunisimamia. Nikalibakiza hilo. Akakubali kwa kichwa, akasema sasa hilo ni lengo, yale mengine yalikuwa homa.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ninalotaka uliyeniuliza ulishike. Lengo linalozaliwa maji yakiwa juu, liandike, usilitekeleze. Lisubirishe mpaka siku ya maji sawa, ulisome tena. Likikuchekesha, lifute. Likisimama, ni lako. Na ule uamuzi wa maji ya chini, ule wa kusema naacha kazi, sifai, nao usubirishe vilevile, maana maji ya chini nayo yana uongo wake. Mimi nimeacha ushonaji mara kumi na tano hivi, zote nikiwa nimelala. Kila mara nilipoamka sawa nilikuta sijaacha.

Msidhani nilitii kama malaika. Asubuhi moja nilijua mkono wangu si mzuri, nikamletea Mwamini matundu kumi niliyoyashona jana yake, mazuri kama ya kuuza. Akapitisha ukucha, akaguna, akanipa mkasi. Nikamkatia askari mmoja suruali. Ilipofika jioni tukaiunganisha, tukakuta ina miguu miwili ya kushoto. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilimvunjia askari wa watu. Nikamgeukia Mwamini.

"Ulijua?"

"Uzi ilikuwa ya jana. Leo tumefungua gurudumu ya uzi mupya."

"Sasa juu ya nini ulinipa makasi?"

"Minye si mama yako," akasema, akaendelea kukanyaga pedeli.

Sikudanganya tena. Yule askari alirudishiwa kitambaa, na ninavyojua mpaka leo anasimulia.

Vita vya kwanza vilipofika Uvira, tulisikia milio kutoka upande wa bonde alfajiri, na watu wakaanza kukimbia na magodoro vichwani. Nilikwenda mbio mpaka barazani kuchukua mkasi. Mwamini alikuwa ameshaufunga kiunoni, ndani ya kitenge chake. Nikanyoosha mkono. Akanitazama hivi, risasi zinalia, mji unakimbia, akaniambia:

"Leo haujashona matundu."

Nilimtukana matusi ambayo sitayaandika hapa. Tulivuka kwenda Burundi mkasi ukiwa kiunoni kwake. Baba Kashindi alikataa kuondoka. Alisema yeye na cherehani yake wamezeeka pamoja, haendi kulala kwenye hema. Tuliporudi, majirani walituonyesha kaburi lake nyuma ya baraza. Sikupata kumwambia asante. Hilo linaniuma hata leo, na hakuna kidonge chake.

Huko tulikokimbilia vidonge viliniishia mwezi wa kwanza. Kitambaa hakikuwepo, uzi ulikuwa wa kufumua kwenye magunia. Nilifanya nini? Nilishona matundu yangu kwenye pindo la kitenge nilichokuwa nimevaa. Kumi kila asubuhi, nimekaa chini, watu wananipita wakitikisa vichwa: maskini, yule ameshaharibika, anatoboa nguo yake mwenyewe. Mwamini alikuja, akachuchumaa, akapitisha ukucha kwenye pindo mbele yao wote, akahesabu kwa sauti. Pindo lilipojaa, nikaanza mstari wa pili juu yake. Kitenge hicho ninacho. Kuna mahali mafundo yanakimbia kiganja kizima, na watu wanakumbuka siku hizo jinsi nilivyokuwa nikiwahutubia kwenye foleni ya maji. Kuna mahali pana tundu moja tu, halafu hakuna kitu, halafu moja. Na kuna mahali, baada ya muuguzi wa kambi kupata vidonge, matundu yamepangana kumi, kumi, kumi. Aliyesema nimeharibika aje alisome lile pindo.

Vita vya kwanza vilipotulia tukarudi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Cherehani nzima iliibwa, ile ya vipuri wezi waliidharau, na ndiyo tuliyoifufua. Nikaandika kibao nikakipigilia juu ya mlango: ATELIER SAMAKI, yaani karakana ya Samaki. Mwamini aliuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia jina wameshanipa, afadhali linifanyie kazi.

Mafundi wakataji walikuwa wachache. Wengi walibaki ng'ambo. Shule moja ya mtaa wetu ilitaka kufungua, na sare ilikuwa jambo la hatari kuliko mnavyodhani ninyi mnaolalamikia kola. Barabarani kulikuwa na vizuizi vya wenye bunduki. Mtoto mrefu aliyevaa nguo za nyumbani aliulizwa yeye ni askari wa nani, na wengine hawakurudi kwao. Aliyevaa shati jeupe na bluu chini aliambiwa pita. Shati jeupe lilikuwa karatasi yake ya njia.

Kamati ya wazazi ilipata jora la kitambaa cheupe kutoka Bujumbura. Likikatwa vizuri, mashati arobaini na sita, bila ziada hata ya kola moja. Likiharibika, hakuna jora jingine. Wakaniita kwenye mkutano. Mwenyekiti wao, Bwana Byamungu, alikuwa mtu wa suti hata kwenye joto, na hakunizunguka.

"Minye sikatai, mama iko na mukono muzuri. Lakini tunajua historia yake. Muntu wa kichwa kama hii tunamupa jora? Kama maji yake inapanda, watoto yetu watavaa nini? Samaki?"

Watu wakacheka. Mama Tereza wa kwaya, niliyemkosea kuliko wote mle ndani, hakucheka. Alisimama na kusema yeye alivaa wale samaki, na kwamba hajaona fundi mwingine mjini anayejua siku ya kutokata. Akakaa. Wakanipa jora. Ndiyo kusema lile lengo la pembeni ya ukuta lilikuwa sasa juu ya meza yangu, limekunjwa, jeupe, linanukia duka.

Asubuhi ya siku niliyopanga kukata nilinawa mikono kwa limau, maana weupe na mawese ni maadui, nikashona matundu yangu kumi. Mwamini alikuwa hajafika. Nilipitisha ukucha mwenyewe. Yalikuwa yanakimbia.

Kidogo tu, wanangu. Mwingine yeyote asingeona. Nilijisikia vizuri kuliko mwezi mzima uliopita, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya pili. Shule inafunguliwa Jumatatu, leo Jumatano. Habari zilisema mapigano yanarudi. Jora likikaa ndani linaweza kuporwa wakati wowote, na watoto warefu wanasubiri. Mkasi ulikuwa mezani. Miaka yote nimengoja kuaminiwa, nimeaminiwa, na sasa mkono wangu mwenyewe unaniambia sio leo. Niliushika ule mkasi. Niliufungua na kuufunga mara mbili, sauti yake naisikia mpaka sasa. Kisha nikatoka nao, nikakutana na Mwamini njiani, nikamwekea mkononi katikati ya barabara.

"Shika, nisije nikakushawishi."

Siku hiyo tulikwenda kupima watoto, mmoja mmoja, mara mbili mbili. Alhamisi mafundo bado yalikimbia. Nikahesabu vifungo, nikanyoosha kitambaa kwa pasi ya makaa, nikala vidonge vyangu, nikalala mchana kwa lazima. Alhamisi jioni Bwana Byamungu akaja kuona mashati. Akakuta jora zima, na mimi nimeketi natoboa kitambaa kichakavu.

"Nilisema! Haukukata hata moja! Vita inarudi, mtoto yangu iko mrefu kuliko minye, na weye unacheza na matundu!"

Nilisimama. Mimi ni mfupi, lakini nilisimama kimo changu chote.

"Bwana Byamungu, kitambaa chenu hakijakatwa kwa sababu nina akili, si kwa sababu sina. Ningekuwa mwendawazimu unayemsema, ungekikuta kimekwisha jana, na mtoto wako angevaa mikono mitatu. Mkasi uko kwa Mwamini. Mwambie akupe."

Akamgeukia Mwamini. Mwamini akasema hapana yake. Bwana Byamungu akaondoka akisema Jumamosi analichukua jora, litafutiwe fundi popote, hata ng'ambo.

Ijumaa niliamka nikaona mji uko kimya ndani ya kichwa changu. Nilishona polepole, nikihema. Mwamini akafumba macho, akapitisha ukucha, na nilimsikia akipanda kwa Kirundi: rimwe, kabiri, gatatu, mpaka icenda, tisa, akasimama hapo kwa muda ambao ungenitosha kuzeeka. Halafu icumi. Akafungua kitenge chake, akanipa mkasi.

Nilikata mashati arobaini na sita kuanzia asubuhi hiyo hadi Jumamosi alasiri. Hakuna aliyenisimamia; Mwamini alinipa mgongo, yuko kwenye pedeli. Mabaki yote ya jora yalienea kwenye kiganja kimoja. Bwana Byamungu alipokuja kulichukua jora, alikuta mikono inashonwa. Akachukua shati la kwanza lililokamilika, akaligeuza. Kisha nikamwona anapitisha ukucha kwenye tundu la kifungo, kwa siri, kama mtoto anayelamba sukari. Washonaji wa mtaa walitusaidia kuunganisha usiku na mchana, na Jumatatu watoto walipita kizuizini kwa mstari, weupe pe, na nililia tena.

Sitawadanganya. Shati halizuii risasi. Vita vya pili vilikuja, na si wote arobaini na sita walikua. Mimi mwenyewe maji yalinipandia tena mara nyingi, na mara mbili yalinishinda kabisa. Sikupona. Kupona halikuwa lengo langu. Lengo lilikuwa matundu kumi asubuhi, na kwa hayo kumi nilifika nilikotaka. Kwa hiyo wewe uliyeniuliza, siku nyingine uliza kwa sauti, darasani, wenzako wasikie. Na umchague wa kukushikia mkasi. Asiwe mtu mpole.

Nimeshastaafu, lakini kazi moja nimeikubali. Kwaya ya Mama Tereza, ambayo sasa ni wakaza wana na wajukuu wa wale wa kwanza, wameleta kitenge cha Pasaka. Cha bluu, chenye samaki. Nilitandaza, nikatafuta kichwa, nikatia chaki, nikawaahidi kwamba safari hii samaki watatazama juu. Wakakataa wote kwa pamoja. Wanataka wapige mbizi, kama wale wa bibi zao, ndiyo alama ya kwaya yao sasa. Basi kitambaa kiko mezani, kichwa chini, kwa makusudi.

Nilitaka kukikata leo. Asubuhi Mwamini alikuja na fimbo yake, akaketi, akafumba macho ambayo sasa hata yakiwa wazi hayaoni sana, akapitisha ukucha. Akafika icenda, icumi hakuitaja. Akainuka, akaufunga mkasi kiunoni, akaenda nao kwake. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kuwaandikia.

Kesho nitaudai.